Mstari wa Maoni

Riziki, binti yangu,

Wewe na mama yako mmekwenda soko la Tsoka kutafuta viatu vya shambani, vile virefu vya mpira, kwa sababu chuo kimeviweka kwenye orodha ya vitu vya kuja navyo. Namjua mama yako. Atalizunguka soko zima, atakuvalisha vya kila meza, halafu atarudi kwenye meza ya kwanza na kumwambia yule bwana kwamba vyake vimepasuka. Kwa hiyo nina mchana mzima. Nimefunika cherehani, watu wa sare za kwaya nimewaambia warudi wiki ijayo, na nimekaa hapa mlangoni na daftari juu ya magoti.

Habari za kula na kulala sitakuandikia. Mama yako ameshakuambia hayo mara tatu, na mara ya nne atakuambia kesho, dirishani mwa minibasi, mbele ya watu wote. Mimi nina jambo moja tu. Ni baya, na linakuhusu kuliko unavyodhani, maana umelibeba ndani ya barua yako ya maombi bila kujua umebeba nini.

Asubuhi, ulipokuwa kwenye foleni ya maji, mama yako alifungua Biblia yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka juu ya cherehani. Niliijua kwa rangi yake kabla hata ya kuikunjua. Miaka yote hii nilidhani imebaki Fizi, kule tulikokimbia vita, pamoja na kila kitu chetu. Nilimwuliza ameitoa wapi. Alisema tu, "Umupatie yeye mbele ya kesho. Ukikatala, mi njo nitamupatia." Kisha akajifunga kitambaa na kwenda kukuita.

Hadithi ya baba yako unaijua, umekua nayo. Baba alikuwa moniteri wa kilimo, yaani bwana shamba, kule kwetu, vilimani juu ya mji wa Baraka. Siku moja lori likaleta vipando vibovu vya muhogo, wakubwa wakataka asaini kwamba ni vizuri, akakataa, akafukuzwa kazi. Uliiandika hivyohivyo kwenye maombi yako na ukanisomea hapahapa nilipokaa sasa. Walipokuita Lilongwe kwenye mahojiano uliwasimulia kwa mdomo, na uliporudi uliruka kutoka kwenye kabaza, ile baiskeli ya abiria, kabla haijasimama, ukaniambia yule mama aliyekaa katikati alivua miwani yake akakusikiliza mpaka mwisho. Nafasi ukapata. Watu wa kanisa walikuja kukupongeza, na wengine walinishika mkono mimi. Nilisema "asante."

Sikukataa, Riziki. Nilisaini.

Na sikufukuzwa kazi. Mwaka uliofuata nilipewa baiskeli.

Ngoja nikueleze taratibu, kwa sababu neno "nilisaini" likiachwa peke yake linaweza kusamehewa haraka, na sitaki unisamehe haraka. Unakumbuka ulivyoniomba nikufundishe jinsi wizara ya kilimo ya hapa ilivyopangwa, maana uliambiwa wataliuliza? Nilitoa kalenda ya kanisa ya mwaka uliopita, nikaigeuza, nikachora. Juu wizara, pale Capital Hill, Lilongwe. Chini yake idara zimekaa mstari mmoja: ya mazao, ya mifugo, ya umwagiliaji, ya kuhifadhi udongo, ya utafiti, ya ugani. Chini ya hizo kanda, chini ya kanda wilaya, kisha maeneo madogo ya ugani, na chini kabisa sehemu, ambako yuko mlangizi mmoja, ndiye moniteri wa huku, na vijiji vyake. Ulishangaa nimejuaje mambo ya nchi ambayo sijaifanyia kazi hata siku moja. Nilimwuliza tu yule dada mlangizi anayepita huku kwenye mashamba ya wenyeji. Mengine sikuhitaji kuuliza. Ukikaa ndani ya mchoro mmoja, unaweza kukaa ndani ya wowote.

Kwetu majina yalikuwa ya Kifaransa, lakini visanduku ni vilevile. Inspekta yuko juu, chini yake agronomu wa teritware, yaani wilaya, chini yake sisi mamoniteri, kila mmoja na vilima vyake. Pembeni yetu, si chini yetu wala juu yetu, kulikuwa na idara ya mbegu, ambayo kazi yake ni kuchunguza mbegu na kuipiga muhuri. Kulikuwa na ya mifugo, na ya samaki. Barabara za kufikia mashamba zilikuwa za wizara nyingine kabisa. Mpango wenyewe haukuwa wa kipumbavu. Mtu wa ng'ombe anajua ng'ombe, aachiwe ng'ombe. Ila sisi tulikuwa tumeupenda kupita kiasi. Mimi hasa. Nilitoka kwenye nyumba ambayo hakuna mtu aliyewahi kuandikwa jina popote isipokuwa kwenye cheti cha ubatizo, na sasa nilikuwa na kisanduku changu, kimechorwa kwa rula, ukutani kwa agronomu, na herufi za jina langu ndani yake. Nilikuwa nikienda ofisini kwake hata pasipo shida, nikione.

Kwa utaratibu ule, mimi sikuruhusiwa kumwandikia mtu wa mbegu. Barua yangu ilipaswa kwenda kwa agronomu, agronomu ampe inspekta, inspekta aipeleke Uvira, na kule Uvira ndiko ingevuka kutoka upande wetu kuingia upande wa mbegu, kisha ianze kushuka mpaka imfikie mtu wa mbegu wa Baraka. Na huyo mtu wa mbegu wa Baraka alikuwa ng'ambo ya barabara. Nikisimama mlangoni kwangu namwona anapiga mswaki. Jumamosi tulikuwa tunakula sambaza, samaki wadogo wa ziwani, pamoja, kwake au kwangu.

Lori lilikuja mvua za mwanzo zilipoanza. Wewe ulikuwa mgongoni kwa bibi yako Mwavita, mama wa mama yako, meno mawili tu. Lilijaa vipando vya muhogo, mafungu kwa mafungu, mbegu mpya ya msaada ambayo tulikuwa tumeihubiri miezi yote ya kiangazi. Mimi ndiye nilikuwa nimeihubiri. Nilipita kila kilima nikiwaambia wanawake wang'oe muhogo wao wa zamani, ule mdogo mchungu ambao haukuwahi kuwaangusha, ili pawe na nafasi. Na walining'ang'ania na maswali mpaka bibi yako, aliyekuwa kiongozi wa chama chao, akasema yeye atang'oa wa kwanza. Aling'oa. Ndipo wengine wakafuata.

Nilikata kamba ya fungu la kwanza. Wewe utafundishwa haya na walimu wenye vitabu vizuri, lakini nitakuambia nilichoona kwa macho yangu. Ngozi ya kile kijiti ilikuwa na michirizi ya kahawia, mirefu, kama mtu amepitisha kiberiti juu yake. Nikakata fungu jingine, na jingine. Si yote. Ningesema theluthi, lakini sikuhesabu, kwa sababu nikihesabu ningekuwa nimejua. Niliurudisha mkono mfukoni.

Dereva alikuwa na haraka. "Moniteri, sinye karatasi basi, mvua inakuya. Niko na pahali ingine tatu pa kufika."

"Hii miti, bantu ya mbegu baliiangalia kule ilitoka?"

"Mi nabeba tu, chef. Iko na karatasi."

Akanipa karatasi. Ni hii hapa. Ilikuwa na tarehe, mahali, aina ya mbegu, idadi ya mafungu, na chini nafasi mbili, moja ya sahihi yangu kwamba nimepokea, na moja ya muhuri wa idara ya mbegu kwamba mbegu ni safi. Ile ya pili ilikuwa tupu. Nataka ujue niliona kwamba ni tupu. Na nataka ujue nilichojisikia nilipoona, maana hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama yako. Nilifurahi kidogo. Nilijisemea: muhuri haupo, basi likitokea lolote ni lao, si langu. Mimi nasaini kwamba nimepokea mafungu, na mafungu kweli nimeyapokea.

Katikati ya nafasi hizo mbili kuna mstari umeandikwa Maoni. Palepale mtu anaandika kama gari limechelewa, kama mizigo imelowa, kama kuna kasoro. Niliandika R.A.S. Hizo ni herufi za Kifaransa cha ofisini, maana yake hakuna la kutaja. Tulikuwa tunaziandika kwenye kila karatasi, mkono ulishazoea, kalamu ilikuwa inaziandika kabla hujafikiri. Hivyo ndivyo nilivyojiambia baadaye, kwamba ni mkono. Mkono wangu siku ile ulikuwa umetoka tu kushika michirizi ile.

Jioni bibi yako aliagiza swali. Wewe umekulia hapa kambini Dzaleka, watu wamechanganyikana, hujaona vizuri jinsi kwetu mama mkwe na mkwe wanavyoishi. Mama mkwe hamwangalii mkwe wake usoni, hali naye, hamsemeshi moja kwa moja. Wakikutana njiani mmoja anapisha. Ni heshima, na mimi nilimheshimu sana. Kwa hiyo alisimama nje ya ua na kumwambia mama yako, "Uliza bwana yako, hii miti ni muzuri? Naona kama iko na alama." Alikuwa ameona! Mwanamke asiyejua kusoma aliona kile nilichoona, na alitaka tu mkwe wake aliyesoma aseme.

Mama yako akaingia ndani na swali. Nilikuwa navua viatu. Nikasema, "Umwambie iko na karatasi."

Akatoka, akamwambia mama yake mzazi kwamba iko na karatasi. Bibi yako akashukuru, na kesho yake akaanza kupanda.

Jumamosi ile nilikula sambaza na mtu wa mbegu. Tulizungumza mpira. Yeye hakuwa na habari ya lori lolote, kwa sababu hakuna aliyemwandikia. Mimi sikumwambia kwa sababu ilikuwa nje ya njia. Ningeweza kusema kwa maneno matano huku nachambua miiba. Riziki, kati ya mambo yote, hili la sambaza ndilo linalonikera zaidi. Vita siwezi kuvizuia, lori siwezi kulirudisha, lakini nilikuwa na mdomo na mtu alikuwa amekaa mbele yangu.

Muhogo ule kwa juu ulipendeza. Majani mapana, watu wakachuma sombe, yaani kisamvu, wakanisifu. Mwaka ulipofika wakaanza kuchimba. Nilikuwepo siku bibi yako alipochimba shina la kwanza, nimesimama mbali kidogo kama inavyopasa. Mzizi ulikuwa mkubwa. Akaukata kwa panga, na ndani ulikuwa wa kahawia, mkavu, mgumu kama kizibo cha chupa. Akakata wa pili. Alikata shina zima, kisha akahamia shina jingine, na wewe unamzunguka unaokota vipande. Kilima kizima kilikuwa hivyo, na muhogo wa zamani haukuwepo tena kwa mtu yeyote.

Agronomu alikuja kutoka Fizi kufanya mkutano uani pa kanisa. Nilimwogopa, na nilijua atauliza kosa ni la nani mbele ya wanawake wale. Nikamwomba nieleze mimi. Nikaokota kijiti, nikachora chini. Inspekta, agronomu, moniteri. Idara ya mbegu pembeni. Nikaonyesha mishale. Nikaeleza kwamba kupokea ni kazi ya huku, na ubora ni kazi ya kule, na kwamba tutaandika barua ipande mpaka Uvira. Nilieleza vizuri sana, mwanangu. Agronomu alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nadhani baiskeli niliipata siku ile.

Bibi yako alisimama. Akaja mbele mpaka ukingoni mwa mchoro, na akaniangalia usoni, mimi mkwe wake, mbele ya watu.

"Na mi niko mu kisanduku gani, mukwe?"

Nikamjibu. Laiti ningenyamaza. Nilisema, "Mama, ninyi munaitwa benefisiere, bantu ya kupokea. Mu karatasi muko chini, nje ya mustari."

Akaangalia chini nilipoonyesha. Hapakuwa na kitu, ni mchanga tu. Akarudi akakaa.

Wanawake walipomgeukia, kwamba yeye ndiye aliyewavuta kung'oa, angeweza kuwaambia: mkwe wangu alisema iko na karatasi. Hakusema. Alisema alichagua mwenyewe. Alinikinga kwa sababu ya ndoa ya mwanawe na kwa sababu yako wewe. Walimwondoa kwenye chama. Njaa ilikuwa kali mwaka ule, watoto wawili wa jirani zake tuliwazika, na mama wa mmoja wao hakumsalimia tena mpaka mwisho. Mimi walinisalimia. Nilikuwa wa serikali.

Vita vilipofika kilimani kwetu kila mtu alikimbilia ziwani. Tulipita kwake tumchukue. Alikuwa amekufunga mgongoni, na kifurushi chake kiko tayari. Akaiona baiskeli. Akakufungua, akakupandisha juu yake, akakufunga kwa kitenge chake mwenyewe, na kurudi nyuma.

"Mutoto apande. Mi hapana."

Mama yako alilia, alimvuta mkono. "Mama, tunaenda na bantu bote, twende."

"Na bantu gani? Bale banabaki kunichukia? Nendeni."

Habari ya kifo chake tuliipata hapa, kwa mtu wa Fizi aliyefika baada yetu. Alisema alikufa nyumbani kwake, peke yake, na aliyemzika alikuwa mpita njia. Mama yako alikaa sakafuni siku tatu. Mimi nilishona. Nilikuwa nimeanza kushona wakati ule.

Sasa hadithi. Ulikuwa na miaka minane ulipouliza kwa nini baba wa fulani analima na baba yako aliyesomea kilimo hana hata tuta la mchicha. Kweli, sina. Watu wote wa mstari wetu wa nyumba wamepanda kitu, mahindi nyuma ya choo, maharage kwenye gunia, na mimi uani pangu ni vumbi. Nilikuwa natafuta la kukujibu, mama yako akaniwahi. "Baba yako alikatala kusinye makaratasi mubaya ya mihogo, bakamufukuza. Njo maana hapendi tena kulima." Alisema hivyo akipepeta mchele, na alipomaliza aliniangalia. Nilidhani ananifichia aibu. Nilimshukuru moyoni. Lakini aliirudia kwa wageni, kwa mchungaji, kwa shangazi zako kwenye simu, na kila mara alinitazama mpaka mimi nitazame pembeni. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba alikuwa ananingoja. Alikuwa ananipa kila mara nafasi ya kusema hapana, si hivyo. Alingoja miaka kumi na minne, na karatasi iko ndani ya Biblia. Na yeye pia ana lake, kwa sababu ni yeye aliyetoka nje na jibu langu mdomoni. Nilimfanya amdanganye mama yake. Hatujawahi kulizungumza hilo, tunalala nalo tu.

Ningeendelea kunyamaza, nakuambia ukweli. Nilishajipangia kwamba nawe utaondoka na hadithi nzuri, na hadithi nzuri haimwumizi mtu. Kilichonigutusha ni Mama Zholi wa nyumba ya nne, alipokuja Jumanne na majani ya nyanya zake yamejikunja. Alikuja kwako, siyo kwangu, anajua unaenda kusomea. Ukayashika majani, ukacheka kwa upole, ukamwambia, "Mama, hii ni ya bantu ya utafiti. Mi nitakuwa wa ugani." Akashukuru, zikomo, akaondoka na majani yake. Hukufanya kosa lolote. Ulikuwa unafanya mzaha, na tena ulikuwa sahihi. Lakini ilikuwa sauti yangu, Riziki, na mchoro wangu wa kalenda. Uliusoma ukaushika wote kwa wiki moja. Nilipousogelea ukutani niliona nimemaliza karatasi kwa mlangizi na baiskeli yake, na chini yake nimeacha ukingo mweupe wa kidole kimoja. Miaka yote hii, na sijamwachia bibi yako nafasi.

Jioni ile nilikwenda kwa Mama Zholi. Aliniambia keshaing'oa minyanya yote.

Huenda utakuwa mtumishi bora kuliko nilivyokuwa, na hilo si gumu. Utapewa kisanduku, na utakipenda, na si dhambi kukipenda. Yule dada mlangizi naye ana chake. Msimu uliopita nilimwona amesimama kwenye shamba la mtu ambaye si wa sehemu yake, anatafuta viwavi ndani ya mahindi, na simu iko sikioni, anamwita mwenzake wa idara nyingine kwa jina lake la nyumbani. Ilimchukua muda wa kuchemsha chai. Nilisimama barabarani namwangalia mpaka akaniuliza kama nimepotea. Nikaondoka na vitambaa vyangu begani.

Sasa karatasi. Nilikusudia kuikunja ndani ya barua hii na kuitia kwenye begi lako, chini ya nguo, uikute huko. Pia niliandika barua nyingine fupi kwa yule mama wa miwani, kwamba ulichowaambia ndicho ulichoambiwa na wazazi wako, na kwamba si kweli, na nikaiacha wazi ili wewe uamue uipeleke au uichane. Nikaisoma tena, na nikajiona. Nilikuwa namkabidhi mtu mwingine mzigo nikisema uamuzi ni wa upande wake. Kwa miaka yote sijabadilika hata kidogo! Nimeichana mimi.

Kwa hiyo nitafanya hivi. Baada ya kuichana niliinuka, nikaenda ofisini kwa wasimamizi wa kambi kuomba ruhusa ya kutoka, nimepewa, ya kesho peke yake. Ukikubali nitapanda minibasi pamoja nawe, nitamwona yule mama, na nitamwambia kwa mdomo wangu ni nani alisaini. Inawezekana watakunyang'anya nafasi kwa ajili yangu. Sidhani, lakini inawezekana, na naogopa. Kwa hiyo sitafanya nyuma ya mgongo wako. Ukikataa nitabaki hapa, na nitaanza na kanisa, na shangazi zako, maana hao ni wa kwangu.

Karatasi nimeifanyia jambo moja. Mstari wa Maoni ulikuwa na nafasi bado baada ya zile herufi tatu, nafasi kubwa tu. Nimeandika leo, kwa kalamu yako ya bluu: Vipando vilikuwa vigonjwa. Niliviona. Mama mkwe wangu Mwavita aliviona pia na akauliza. Nimetia sahihi tena pembeni yake, na tarehe ya leo.

Nasikia mama yako kwenye kona, anagombana na mtu wa kabaza juu ya kifurushi, na wewe unacheka. Mmevipata. Begi lako sitaligusa. Nitakupa hii mkononi, nami nitakaa palepale unaposoma, sitaenda popote. Ukimaliza uniulize lolote unalotaka, nitakujibu bila kuchora.

Baba yako